Kidole Kinachocheza Chenyewe: Uchovu, Mshipa Uliobanwa au Maradhi Makubwa? Ulinganisho

Kidole gumba kinacheza chenyewe wiki ya pili sasa, na kila ukitafuta kwenye simu unaishia kusoma habari za maradhi ya kuua. Tatizo la majibu yale ni kwamba yanatia kapu moja mambo yasiyofanana. Hapa sababu zimewekwa ubavu kwa ubavu na zile zinazochanganywa nazo, ili ujue lipi la kungoja nyumbani, lipi la kupeleka kituo cha afya, na lipi la kukimbilia hospitali usiku huo huo.

Kipimo kikubwa kisemwe mapema. Kinachotenganisha dogo na kubwa ni nguvu ya mkono, si mchezo wa kidole. Kidole kinacheza, lakini mkono unafunga vifungo vya kanzu, unakamua nguo na kufungua kufuli kama zamani: mara nyingi sana hapo hapana maradhi mazito. Mkono unaoangusha vitu, hata kama hauchezi kabisa, ndio wa kuharakishwa.

Kwanza jua unachokiona

Keti penye mwanga, laza mkono juu ya paja, kiganja juu, usiukaze. Utazame dakika moja nzima. Kisha nyoosha mikono yote miwili mbele na uweke karatasi nyepesi juu ya vidole. Mtetemo mdogo usioonekana kwa macho utaonekana ukingoni mwa karatasi. Mwisho chukua birika, mimina maji katika kikombe kidogo cha kahawa, ukinyanyue mpaka mdomoni. Hapo umeshaupima mkono katika hali tatu: umepumzika, umenyooshwa, unafanya kazi.

Kucheza ni kipande cha msuli kuruka chini ya ngozi, bila mdundo wa kueleweka. Kidole husogea kidogo au kisisogee kabisa. Mahali pake pa kawaida ni nyama iliyo chini ya kidole gumba, au ile iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada. Kutetemeka ni kwenda na kurudi kwa mdundo ulio sawa. Kukakamaa ni vidole kujikunja na kukataa kufunguka kwa muda, mara nyingi kwa maumivu. Kurushwa ni kidole au mkono kupiga kwa nguvu, na hata ukiushika kwa mkono mwengine hautulii.

Rekodi video ya nusu dakika inapotokea. Kidole kilichocheza usiku kucha kina tabia ya kutulia tuli mbele ya daktari, naye akibaki na maneno matupu atakupa vitamini na kukuaga.

Kahawa na usingizi, au dawa unazomeza?

Hizi mbili zinafanana kwa kuwa zote hutoka nje ya mwili, na zote huisha chanzo kikiondolewa. Ndizo sababu za watu wengi, na ndizo zinazodharauliwa.

Kafeini huamsha mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, msuli ukaanza kujirusha bila kuamrishwa. Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini aliyokunywa bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hivyo anayekunywa kahawa barazani baada ya sala ya Isha hulala nayo. Mtu mzima mwenye afya asizidi miligramu 400 kwa siku. Mjamzito miligramu 200. Kikombe cha kahawa chungu ni kidogo, na vile vya kunywa huku mnazungumza siasa na mpira havihesabiwi na mtu. Ongeza chai ya rangi, miligramu 40 hadi 50 kwa kikombe cha kawaida, na kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu, miligramu 80. Kuna na dawa za kichwa zenye kafeini ndani yake, miligramu 65 kwa kidonge. Mtu anaumwa kichwa kwa kukosa usingizi, anameza viwili, anakosa usingizi tena. Mirungi imekatazwa kisheria, lakini anayeitumia aelewe kuwa nayo ni kichocheo, na kina nguvu zaidi.

Namna ya kujua: punguza kafeini iwe nusu kwa siku 3, kisha acha kabisa kwa wiki 2, na ulale si chini ya saa 7. Usikate ghafla. Anayekata ghafla huanza kuumwa kichwa kati ya saa 12 na 24, na kichwa kinaweza kumganda hadi siku 9. Wengi hudhani ni ugonjwa mpya, wakarudi kwenye kikombe kabla jaribio halijatoa jibu.

Dawa hazichezeshi msuli sana kama zinavyotetemesha mkono. Salbutamol ya pumu hutetemesha vidole muda mfupi baada ya kuivuta, na vidonge vyake hutetemesha kuliko ile ya kuvuta. Hilo halina hatari, na haifai kuacha dawa ya pumu kwa sababu yake. Kwa wazee, mtuhumiwa wetu wa kwanza ni sinarizini, dawa ya kizunguzungu inayonunuliwa dukani na kumezwa miezi kadhaa bila kuulizwa. Ikitumika muda mrefu huleta mtetemo na uzito wa mwili unaofanana kabisa na ugonjwa wa Parkinson. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika hufanya hivyo pia, ndiyo maana haitakiwi kuzidi siku 5. Dawa nyingi za maradhi ya akili nazo zimo, na valproeti ya kifafa hutetemesha. Hizi za kifafa na za akili usiziache kwa uamuzi wako. Peleka orodha yake yote kwa aliyekuandikia. Na dawa ikishaondolewa, mtetemo unaofanana na Parkinson huchukua wiki hadi miezi kuisha, kwa hivyo usikate tamaa siku ya kumi.

Upungufu wa madini, au pumzi za haraka?

Hapa watu hukosea pande zote mbili. Mwenye wasiwasi huambiwa "huna kalisi", na aliyekosa kalisi kweli huambiwa ana wasiwasi.

Dalili zenyewe ni zile zile: mchonyoto kuzunguka midomo na ncha za vidole, kisha vidole kujikunja pamoja, gumba likiingia ndani ya kiganja. Mtu akipumua haraka kwa hofu hutoa hewa ya kaboni nyingi kupita kiasi, damu ikabadilika, na kalisi iliyo huru kufanya kazi ikapungua kwa muda ingawa kalisi yote imo. Huyu hupona kwa dakika chache akipunguza pumzi: vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, dakika 5 hadi 10. Usimfunike mfuko usoni. Kama kumbe ana pumu au maradhi ya moyo, utamdhuru.

Aliyepungukiwa kweli huwa na historia. Amefanyiwa operesheni ya tezi la shingo, ameharisha na kutapika siku nyingi, anameza vidonge vya kukojoza maji kwa ajili ya presha, au ametumia omeprazoli ya vidonda vya tumbo zaidi ya mwaka. Hiyo ya mwisho hushusha magnesiamu polepole, na ni wachache wanaoikumbuka wakiulizwa dawa wanazotumia. Magnesiamu ikishuka huiburuza kalisi na potasiamu, na mbili hizi hazipandi hata ukizimeza mpaka magnesiamu ijazwe kwanza. Ndiyo sababu mtu hupewa kalisi mwezi mzima asione nafuu.

Kwa wastani wa maabara nyingi, magnesiamu ni 0.7 hadi 1.0, kalisi 2.2 hadi 2.6 na potasiamu 3.5 hadi 5.0, zote kwa milimoli katika lita. Wasiokuwa na historia yoyote katika hizo watosheke na chakula: korosho, choroko, mchicha, maharage, ufuta, ndizi, na dafu kwa potasiamu. Vidonge vya potasiamu visinunuliwe bila kipimo, kwani ikizidi husimamisha moyo, hasa kwa mwenye figo dhaifu. Vya magnesiamu ni vyepesi kidogo, ila ukipita miligramu 350 kwa siku utaharisha, na kuharisha huko kutakutoa magnesiamu ile ile.

Kifundo, kiwiko au shingo?

Mshipa wa fahamu uliobanwa huleta ganzi kwanza, kucheza baadaye, udhaifu mwisho. Kazi za mikono za visiwani Unguja na Pemba zinaulisha ugonjwa huu vizuri. Fikiria anayechambua karafuu: ameketi mkekani tangu asubuhi, kila kishada anakibana kwa gumba na shahada, anazungusha kifundo, tunda upande huu na makonyo upande ule, mamia kwa maelfu. Msuli unaobana ni ule ule unaocheza usiku. Kusuka ukili, kudarizi kofia, kuchora hina, kukuna nazi na kufunga mwani kwenye kamba ni ndugu zake.

Swali la kuuliza ni moja: ganzi iko vidole vipi?

| | Kifundo cha mkono | Kiwiko | Shingo |
|---|---|---|---|
| Vidole vyenye ganzi | Gumba, shahada, cha kati, na nusu ya cha pete | Cha mwisho na nusu ya cha pete | Gumba, cha kati au cha mwisho, kutegemea mshipa. Ganzi hupanda mpaka mkono wa juu |
| Saa ya kuzidi | Usiku. Mtu huamka akaukung'uta mkono | Kiwiko kikikunjwa muda mrefu: simu sikioni, au usingizini | Kugeuza shingo au kutazama juu |
| Jaribio | Kunja vifundo, migongo ya mikono igusane, sekunde 60. Ganzi ikija ndiyo | Gonga taratibu nyuma ya kiwiko kwa ndani. Mstuko ukifika kidole cha mwisho ndiyo | Weka kiganja juu ya kichwa. Maumivu yakipungua, shuku shingo |
| Kinachoongeza | Ujauzito, kisukari, tezi la shingo kufanya kazi polepole, kubana vitu | Kuegemea kiwiko juu ya baraza la saruji | Mizigo ya kichwani, umri |
| Hatua ya kwanza | Kibao cha kushikilia kifundo kisikunjike, usiku, wiki 6 | Acha kuegemea. Funga taulo kiwikoni usiku kisikunjike | Punguza mzigo, dawa ya maumivu, mazoezi. Wengi hupata nafuu wiki 6 hadi 12 |

Kibao cha kifundo kikose kukaza na kikose kukunja. Kosa la kawaida ni kukifunga mkono ukiwa umeinuliwa nyuma. Hapo njia ya mshipa inazidi kuwa nyembamba. Mkono ukae umenyooka sawa na ubao, vidole viwe huru. Mjamzito asikimbilie sindano wala operesheni, kwani kwa wengi huisha baada ya kujifungua. Lakini nyama ya chini ya gumba ikianza kubonyea ukilinganisha na mkono wa pili, kibao hakitoshi tena. Muone daktari wa upasuaji, maana msuli ukishakauka haurudi wote.

Kwa wale wanaochezwa na nyama iliyo kati ya gumba na shahada: msuli ule unaendeshwa na mshipa wa kiwikoni, ingawa uko upande wa gumba. Kibao cha kifundo hakitaufaa kitu. Jaribu hivi: bana karatasi kati ya gumba lililonyooka na ubavu wa shahada, mtu aivute. Gumba likijikunja kiungo cha ncha ili lisiachie, mshipa wa kiwiko umedhoofika.

Kiwikoni hapo hapo pana jambo la kutazama ambalo vitabu vya nchi za baridi hulipita. Papasa nyuma ya kiwiko kwa ndani, pande zote mbili. Mshipa ulionenepa kama kamba, pamoja na baka la ngozi lililopauka lisilohisi mguso, ni ukoma mpaka ithibitike vinginevyo. Ugonjwa huu bado upo Tanzania, dawa zake hutolewa bure na huchukua miezi 6 au 12, na anayeanza mapema hapati ulemavu. Kuficha kwa aibu ndiko kunakomaliza vidole.

Shingo ina hatari yake moja. Mikono yote miwili ikiwa mizito kwa kazi ndogo kama kufunga vifungo, miguu ikawa migumu kutembea, au mkojo ukawa hauzuiliki, basi kilichobanwa ni uti wa mgongo wenyewe. Hilo si la mazoezi wala la kukandwa. Kuvutwa shingo na mkandaji katika hali hii kunaweza kumlaza mtu moja kwa moja.

Mtetemo: wa kurithi, wa tezi, au Parkinson?

Rudi kwenye lile birika. Mkono uliotulia pajani ukaanza kutetemeka wakati wa kumimina, kahawa ikamwagika kisahanini, na baba au shangazi naye alikuwa hivyo: huo ni mtetemo wa kurithi. Huja pande zote mbili, hukaa miaka mingi, hauui. Hospitali hutumia propranololi kuupunguza, ila mwenye pumu asiiguse.

Mkono unaotetemeka pajani na kutulia unapoinuka kushika kikombe ndio wa Parkinson, ugonjwa ambao James Parkinson aliuandika mwaka 1817. Mdundo wake ni wa polepole, mara 4 hadi 6 kwa sekunde, gumba likisugua shahada kana kwamba linahesabu tasbihi. Huanza upande mmoja. Tazama anavyotembea: mkono wa upande huo hauyumbi. Mpe kalamu aandike jina lake mara tano. Maandishi huanza kawaida yakazidi kuwa madogo. Mwenye mtetemo wa kurithi huandika makubwa yenye mawimbi. Kitu kingine kinachotangulia ni kupoteza harufu, na mtu asiyesikia harufu ya karafuu zinazoanikwa nje ya mlango wake ana habari ya kumwambia daktari.

Wa tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi ni mdogo na wa haraka, ule unaoonekana kwenye karatasi. Huja na wenzake: kukonda huku unakula, mapigo ya moyo kupita 90 ukiwa umekaa, kuharisha, hedhi kuvurugika, pengine rovu shingoni. Kuhisi joto si dalili ya kutegemea msimu wa kaskazi, kila mtu analowa jasho. Muulize kama kipupwe pia anatupa shuka. Hili lina kipimo kimoja cha damu, TSH, na lina tiba.

Anayekunywa pombe kila siku akaacha ghafla hutetemeka kati ya saa 6 na 24, na anaweza kushikwa na kifafa. Familia nyingi huficha, mgonjwa akatibiwa malaria. Mwambieni daktari ukweli, hata kwa kumnong'oneza.

Ile hofu yenyewe: kucheza kusikodhuru, au ALS?

Wengi wanaosoma mpaka hapa wamekuja kwa swali hili. ALS ni ugonjwa unaoua mishipa inayoendesha misuli. Stephen Hawking aliambiwa anao mwaka 1963, akiwa na miaka 21. Umri huo si wa kawaida, wengi hupatwa baada ya miaka 50. Katika nchi za Ulaya zinazohesabu wagonjwa wake, wapya ni kama 2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kidole kucheza, kwa upande mwengine, karibu kila mtu hukipata wakati fulani.

Kucheza kusikodhuru huhamahama: leo gumba, kesho kope, keshokutwa shavu la mguu. Huja mwili ukipumzika, hukaa miezi hata miaka, na nguvu haipungui. Kwa ALS udhaifu ndio unaotangulia au kufuatana bega kwa bega na kucheza, huanzia mahali pamoja na kuenea, hauendi mbele ukarudi nyuma. Funguo haigeuki mlangoni. Kiatu cha kandambili kinavuka mguuni kwa kuwa unyayo hauinuki. Ulimi unakuwa mzito, maji yanapalia. Nyama ya chini ya gumba na ile ya kati ya gumba na shahada hubonyea pamoja, wakati upande wa kidole cha mwisho bado umejaa.

Na hapa ganzi ni habari njema. ALS haigusi hisia. Mwenye ganzi na mchonyoto arudi kwenye jedwali la juu, si kwenye hofu hii.

Pima nguvu mara moja kwa mwezi, si zaidi, na kwa vitu vile vile: tembea hatua 10 kwa visigino, hatua 10 kwa ncha za vidole vya mguu, fungua chupa, bana karatasi kwa kila mkono. Anayejipima mara ishirini kwa siku huchosha msuli, msuli uliochoka hucheza, naye anapata ushahidi alioutengeneza mwenyewe. Kujitazama mikono kwenye kioo na kulinganisha kila shimo kuna madhara hayo hayo. Mikono ya mtu haijawahi kulingana, wa kulia wa fundi seremala ni mnene kuliko wa kushoto. Usingizi ukikatika kwa hofu, au kazi ikisimama, hofu hiyo imekuwa maradhi yanayotibika kwa haki yake. Mwambie daktari waziwazi kuwa unaogopa ALS, akupime kwa jicho hilo.

Yasiyosubiri asubuhi

Sukari kushuka: kutetemeka pamoja na jasho baridi, njaa na kuchanganyikiwa, kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi. Sukari ikisoma chini ya milimoli 3.9 (au 70 kwa mashine za miligramu), mpe vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari katika maji, pima tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula, kwa kuwa glibenklamidi hukaa mwilini na itamshusha tena. Ramadhani avunje saumu. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani. Asiyeweza kumeza asinyweshwe.

Kifafa cha sehemu moja ya ubongo: gumba linapiga kwa mdundo, kunapanda mkononi, kunafika usoni, na baada yake mkono unalegea. Kukipita dakika 5 ni dharura. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Nyumba nyingi hapa itatajwa shetani. Dua na kombe vina nafasi yake, lakini gari liwe limeshaitwa.

Kiharusi: mdomo umepinda upande, mkono hauinuki, maneno yanavurugika. Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale ilipo, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu.

Sumu ya wadudu: aliyepulizia nyanya au mpunga bila kujikinga, mate na machozi yanamtoka, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, anatapika, misuli inacheza mwili mzima. Mvue nguo, muoshe kwa sabuni na maji mengi, wewe ukiwa umevaa glavu au mifuko mikononi. Usimtapishe. Chukua chupa yenye lebo mwende nayo.

Kipimo kipi kwanza?

Kama hakuna udhaifu wala dalili za dharura, wiki 2 za kupunguza kahawa na kulala zinatosha kabla ya kutoa hata senti. Baada ya hapo kituo cha afya kinaweza kupima sukari na presha na kukagua dawa zako. Hospitali kubwa zaidi, kama Mnazi Mmoja kwa Unguja au Abdalla Mzee pale Mkoani kwa Pemba, ndiko pa kuuliza TSH, kalisi, magnesiamu, potasiamu na figo. Anayemeza metformini ya kisukari miaka mingi na ana ganzi miguuni aombe na vitamini B12, kwa kuwa dawa hiyo huishusha.

CT scan ya kichwa ndiyo inayoombwa sana na wagonjwa na ndiyo inayojibu kidogo. Haionyeshi mtetemo wa kurithi, wala tezi, wala mshipa wa kifundo, na kwa Parkinson mara nyingi hutoka safi. Ina maana kukiwa na kiharusi, kifafa kipya au pigo la kichwa. Eksirei ya shingo huonyesha mifupa, na baada ya miaka 50 karibu kila shingo ina mifupa iliyochakaa, hata ya asiyeumwa. Isikutishe wala isikutulize. Kipimo cha umeme wa misuli, EMG, ndicho kinachotenganisha mshipa uliobanwa na ALS, ila ni cha mwenye udhaifu au msuli uliobonyea. Hakipo kila mahali, kwa hivyo piga simu uulize kama mashine ipo na kama mtaalamu wake yupo wiki hiyo, ndipo ukate tiketi ya boti. Nenda na video, orodha ya dawa zote pamoja na za dukani, na ganda la kila moja.